Kitanda cha Dirishani

Tarehe 9 Februari

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwanza, ili nikifika kwenye ugomvi isije ikasemwa nilianza bila salamu. Huku sisi wazima. Goti langu la kulia limezeeka kabla yangu, nikipanda ngazi za kituo cha afya linalia kama bawaba. Paa la jikoni limezibwa, asante kwa ulichotuma. Paka amezaa ndani ya sanduku la nguo zako za shule, kwa hiyo ukizitaka zile kaptula itabidi uzungumze naye. Na mpwa wako, Kasuku wetu, ana mimba. Bado changa, lakini mumewe, fundi baiskeli, anatembea mtaani kama vile ameibeba yeye. Kasuku mwenyewe, ambaye tangu ajue kusema hajawahi kunyamaza, amepunguza maneno. Hilo linanitisha kuliko kutapika kwake.

Utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Kwenye simu nikikuuliza jambo unacheka, halafu unaniuliza habari za mvua. Karatasi haichekwi. Dereva wa basi la Jumamosi amekubali kuwa tarishi wetu, na nimemwahidi kumpima presha bure.

Sasa jambo lenyewe. Wodi ya wazazi ambayo shirika lenu limetujengea imekwisha, na ni nzuri, sitasema uongo. Rangi bado inanukia. Madirisha yanafungika. Lakini ni mwezi wa pili sasa na hakuna mwanamke aliyelala humo. Wanajifungulia kwenye chumba changu cha zamani, kile kidogo chenye ukuta unaovuja, wawili wawili, mmoja kwenye godoro chini.

Sababu ni vile vibao vyenu. Kila kitanda kimelipiwa na familia moja huko mbali kumkumbuka mtu wao aliyefariki, na kila kitanda mmekipigilia kibao cha shaba kwenye ubao wa kichwani: kwa kumbukumbu ya marehemu fulani, alizaliwa mwaka huu, alikufa mwaka huu. Mlidhani ni heshima. Mama wa kwanza niliyemwingiza, uchungu umeshamshika, alisoma kibao, akainuka akakaa, akaniuliza, "Huyu alifia hapa saa ngapi?" Nikamwambia hakufia hapa, kitanda ni kipya, tazama nailoni yake. Akasema, "Kama hakufia hapa, jina lake linafanya nini hapa?" Akashuka, akatoka kwa miguu yake. Habari ilifika sokoni kabla hajazaa.

Nipe ruhusa ya kuving'oa. Bisibisi ninayo.

Dada yako.

*

Tarehe 2 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, barua yako ilinikuta nikiwa kwenye mikutano, na mikutano ya hapa inazaana kuliko paka wako. Mimi mzima. Tumbo limeongezeka kidogo, usimwambie mtu. Nimefurahi sana kuhusu Kasuku. Mwambie mjomba wake anamsalimu na kwamba asibebe ndoo.

Kuhusu vibao, nakuomba usiving'oe. Zile familia ziliahidiwa kwa maandishi. Kila baada ya miezi sita tunazitumia picha ya kitanda chenye jina la mtu wao, na kuna wajane ambao picha hiyo ndiyo wanayoingojea. Mkurugenzi wetu ataleta wageni mwezi wa kumi kuamua kama ubia huu unaendelea hatua ya pili. Wakikuta wodi tupu, hakuna hatua ya pili. Wakikuta vibao vimeng'olewa, hivyo hivyo.

Nadhani waelimisheni tu akina mama. Ni suala la uelewa.

Kitanda cha mwisho kitafika na lori la mwezi huu. Kiwekwe dirishani, tafadhali, penye mwanga.

Mdogo wako.

*

Tarehe 14 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika, na tumbo lako nimemwambia kila mtu. Huku mvua zimeanza na goti limefurahi, lilitabiri. Kasuku anakula udongo kwa siri na mumewe anajifanya haoni.

"Waelimisheni." Haya. Niliwaita akina mama kwenye veranda, nikawaelimisha mpaka koo likakauka. Mwisho akasimama Mama Mizani, yule muuza nafaka ambaye tangu tukiwa wadogo hajawahi kumpunja mtu wala kukubali kupunjwa, na ambaye sasa ni mwenyekiti wa kamati ya kituo. Akasema, "Muuguzi, tumekuelewa. Hawakufia hapa. Lakini ni watu tusiowajua, na wewe unataka mtu azae akiwa amelaza kichwa chini ya mtu asiyemjua. Mimi hata mgeni akija kulala kwangu namuuliza ametoka kwa nani. Hawa ni akina nani?" Nina majina na miaka tu. Hata wewe huna zaidi.

Nakwambia ukweli mwingine. Mimi si mwoga, umri wangu wote nimeshinda na damu. Lakini siku hizi nikipita wodini mchana, vitanda vimetandikwa, mashuka yamenyooka, kimya, napiga hodi. Najisikia nikipiga hodi. Msafishaji anapiga deki nusu ya chumba tu, halafu ananiachia ndoo mlangoni bila maelezo, nami simuulizi.

Na sasa kitanda cha dirishani. Kilifika kimefungwa kwenye makaratasi, nikakifungua mwenyewe. Sikujua nasoma nini mpaka nilipomaliza kusoma. Majina yote matatu ya mdogo wetu, kama yalivyoandikwa shuleni. Mwaka wake wa kuzaliwa, na mwaka wake wa kufa, ambao ndio mwaka aliozaliwa Kasuku. Nilikaa sakafuni na goti langu bovu.

Hukuniambia. Mdogo wetu alikufa akimzaa Kasuku kwenye korido ya kituo hiki hiki, mimi nimemshika kichwa, tunangoja gari la kumpeleka mahali penye damu, na gari halikuja. Tangu ulipofika ukakuta tumeshazika, hujatia mguu hapa tena wala hujataja jina lake mbele yangu. Leo unanitumia jina hilo limechongwa kwenye shaba, na lori ndilo linalonipa habari.

Nimelibandika plasta ya vidonda. Kasuku anakuja kliniki kila mwezi, na mtoto yule ana hofu moja tu duniani, kwamba atakufa kama mama yake. Ameshaniambia, kwa ile sauti yake mpya ya chini, kwamba atazalia nyumbani. Nyumbani, mdogo wangu. Kwetu sisi tunaotokwa damu namna ile. Nimezika mmoja, wa pili siziki.

Nani amelipia kitanda hicho?

Dada yako.

*

Tarehe 20 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mvua haijaharibu barabara. Hapa joto, na feni ya ofisi yangu inazunguka pale tu mkurugenzi anapopita. Waambie wote nawasalimu, na Kasuku aache udongo, nitamtumia vidonge vya madini.

Swali la Mama Mizani lilinikalia kichwani. Nikaziandikia zile familia, moja moja, bila kumwambia mtu ofisini. Niliwaambia: akina mama wa huku wanauliza mtu wenu alikuwa nani. Nilidhani watakasirika. Dada, wameandika kurasa na kurasa. Inaonekana hakuna aliyewahi kuwauliza. Nimefasiri machache, soma:

Kitanda cha kwanza ni fundi mabomba. Alikuwa anaimba akifanya kazi, na aliimba vibaya hivi kwamba wateja walimwongezea pesa anyamaze.

Cha pili ni mama wa watoto sita, mwizi wa karata. Wote aliwazaa salama. Wa mwisho alimzalia jikoni, na inasemekana alimalizia kwanza kukaanga vitunguu.

Cha tatu ni mwalimu wa hesabu. Hakuoa. Mpwa wake anasema alikuwa mkali, lakini kila mwanafunzi aliyefeli alimfuata mpaka nyumbani kwao mpaka aelewe.

Cha nne ni binti aliyekuwa anasomea ukunga. Gari lilimgonga akitoka darasani. Mama yake ameandika mstari mmoja tu: "Hakuwahi kumzalisha mtu hata mmoja, na alitamani."

Wengine wamo kwenye karatasi za nyuma.

Cha dirishani, mfadhili ameomba asitajwe.

Mdogo wako.

*

Tarehe 5 Mei

Mdogo wangu,

Kuku ametaga, paka amehamisha watoto, goti ni lile lile. Salamu zimetosha, maana leo nina habari.

Nilizisoma karatasi zako wodini, kwa sauti, kitanda kwa kitanda, akina mama wamesimama mlangoni hawaingii. Kwa fundi mabomba walicheka. Kwa mwizi wa karata walicheka mpaka mmoja akashika nyonga. Nilipofika kwa yule binti wa ukunga, Mama Mizani akaingia ndani, wa kwanza, akaweka kiganja juu ya shuka na kusema, "Pole, mwanangu. Kazi utaipata hapa." Wakaingia wote.

Sasa kuna foleni. Cha mama wa watoto sita kinagombaniwa. Cha fundi mabomba wanakitaka wa mimba ya kwanza, wanasema aliyezoea kuzibua mabomba hatashindwa na hili. Mwalimu alikosa mtu, mpaka akaja mama wa mapacha akasema huyu ndiye wake, atamhesabia. Na kila anayelala, mwenzake anamweleza kwanza amelala kwa nani, kama mtu anavyotambulishwa ukweni. Mimi bado napiga hodi, ila sasa naona haya kidogo, maana najua ninaowabishia.

Kisha Mama Mizani akaniita pembeni. Amesikia hatua ya pili ya ubia wenu ni lango kubwa lenye jina la shirika na uzio wa maua. Anauliza nani ameomba lango. Nanukuu: "Mbia ni mtu mnayepatana naye bei. Anayekuletea kitu na kukuambia sema asante, huyo ni mfadhili. Waulize wanataka kuwa nani, ili tujue namna ya kuwasalimia." Kamati imekaa na kukubaliana: hatutaki lango. Tunataka friji ya damu. Damu tunayo wenyewe mwilini, tunachokosa ni pa kuiweka mpaka siku ya shida.

Hilo lilinichoma, kwa sababu unayoijua.

Na Kasuku. Alikuja kliniki siku ya pili, akapita kitanda hadi kitanda akisimuliwa, hata akatabasamu. Akafika dirishani, akaona plasta. Kabla sijasema neno ameshaibandua. Alisoma. Hakulia. Aliniuliza kama alivyosikia wenzake wakiuliza, "Huyu alikuwa nani?" Mdogo wangu, nimewasimulia watu habari za fundi mabomba wa nchi nisiyoijua, na kwa mdogo wangu wa tumbo moja mdomo wangu ulikufa ganzi. Najua alivyokufa. Najua kila dakika yake. Alivyoishi sijui, alipokuwa anakua nilikuwa chuoni, nyumbani mlibaki ninyi wawili. Kasuku akasema, "Wote wana habari zao isipokuwa mama yangu." Akaondoka. Bado anasema atazalia nyumbani.

Andika. Kama ulivyoandika za wengine, ukurasa mmoja tu. Usiniletee habari za mfadhili aliyeomba asitajwe, mfadhili huyo namjua na aliponyonya nilimbeba.

Dada yako.

*

Tarehe 11 Julai

Dada yangu,

Shikamoo, na samahani, tena. Nimepokea barua zako zote mbili na ile ya tatu yenye neno moja, "Andika." Nilikuwa mzima, ila usingizi umekuwa wa kuokoteza.

Habari njema kwanza. Kuhusu friji nilipigana, na mimi si mpiganaji, unanijua. Mkurugenzi alisema lango liko kwenye mpango, na mpango ulishapitishwa. Nikamwambia mpango ulipitishwa na watu ambao hawatapita kwenye lango hilo. Mwishowe akaomba aongee na mwenyekiti wa kamati, nikampigia Mama Mizani mbele yake na kufasiri. Mkurugenzi akamuuliza, friji ikiharibika sisi tukiwa tumeshaondoka, itakuwaje? Mama Mizani akamjibu, "Hilo ndilo swali la kwanza la maana kutoka kwenu." Wakapatana kama watu wa soko: shirika linaleta friji na umeme wa jua, kamati inamlipa fundi na kuhakikisha haikai tupu hata wiki moja. Vijana wenu wawili watafundishwa kuitengeneza, na mkataba umeandikwa kwa lugha yetu. Mkurugenzi alipokata simu alisema hajawahi kubanwa vile. Nadhani alifurahi. Friji itafika Agosti.

Kuhusu lile jingine.

Nimekaa mara nyingi na kalamu. Nitakwambia tu kwamba namwona. Si ndotoni. Kwenye ngazi za ofisi, kwenye foleni ya benki, mgongo wake tu, na kisigino kikiwa nje ya kandambili kama alivyozoea. Naharakisha, anageuka mtu mwingine. Zamani ilikuwa mara moja kwa mwaka. Tangu kitanda kile kiondoke kiwandani ni kila wiki.

Nitaandika. Si leo.

Mdogo wako.

*

Tarehe 18 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu fupi, maana nimekasirika. Wote hai.

Friji imefika na inanguruma vizuri. Siku ya kwanza ya kutoa damu nilidhani watakuja watano. Soko lilifungwa. Wachinjaji walikuja na aproni zao, wakaogopa sindano kuliko wote. Fundi baiskeli alizimia, akaamka, akadai hakuzimia. Mama Mizani alitaka chupa ipimwe kwenye mizani yake aone kama hatukuzidisha. Damu inakwenda hospitali kubwa kupimwa, inarudi na namba tu, bila jina la mtu. Ninapofungua mlango wa friji na kuona zile chupa zimepangwa, nakuwa na maneno mengi ya kumwambia mtu ambaye hayupo. Tungekuwa na moja tu, siku ile. Mbili.

Wewe umejenga wodi nzima ili usije kaburini. Nimelifikiri hilo sana na ndivyo ninavyoliona. Sikulaumu, wodi imesimama na wanawake wanazaa. Lakini yupo mmoja ambaye haingii, anangoja ukurasa mmoja kutoka kwa mjomba wake. Tumbo limeshashuka.

Dada yako.

*

Tarehe 19 Septemba

Mdogo wangu,

Sijapata jibu lako, naandika hivyo hivyo. Kasuku amezaa, yuko hai. Nimeanza na hilo ili usome yanayofuata ukijua mwisho wake. Mtoto wa kike, mzito, ana mdomo, ameshaanza kusema.

Ilikuwa Jumanne, jua la saa sita. Nilikuwa natundika mashuka nyuma ya kituo nikamwona anakuja barabarani kwa miguu, peke yake, amejishika kiuno, mumewe nyuma anasukuma baiskeli akiwa hajui afanye nini nayo. Sikusema neno. Nilijua nikisema moja atarudi. Vitanda viwili vilikuwa wazi, cha mwalimu na cha dirishani. Nikamwelekeza kwa mwalimu. Akanipita. Akapanda cha dirishani, akajilaza chini ya jina la mama yake, akasema, "Mama mkubwa, kama hamtaki kuniambia alikuwa nani, nitamuuliza mwenyewe."

Mtoto alitoka vizuri. Kondo la nyuma likatoka. Halafu damu. Mdogo wangu, niliitambua. Haikuwa damu tu, ilikuwa ile ile, nilisikia mpaka sauti yake ikidondoka sakafuni. Mikono yangu ikawa ile ya siku ile tena, niko koridoni nasikiliza gari. Daktari wa kituo akaniita mara mbili ndipo nikasikia. Aliposema "damu," nikageuka, nikafungua mlango wa friji, na damu ilikuwepo. Hivyo tu. Ilikuwepo. Tukatundika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Friji ni yenu, damu ilikuwa ya watu wa sokoni, na kwa kuwa chupa hazina majina, sasa soko zima linajiona ndugu zake. Wachinjaji wameleta nyama na kila mmoja anakonyeza kana kwamba ni yake iliyomponya.

Kuna wakati katikati alituacha. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yetu. Nilimwita kwa jina lake lote. Kisha akarudi, polepole.

Jioni yake, alipopata sauti, neno lake la kwanza halikuwa kuhusu mtoto. Aliniuliza ni muuguzi gani aliyekuwa amemshika kidole. Nikamwambia nilimshika mkono. Akasema si wewe. Kidole cha mguu, kile kidogo, cha kushoto. Anasema kuna mtu alikuwa amekaa miguuni pake amekishika kwa vidole viwili, si kwa nguvu, muda wote alipokuwa anazama, na kila alipotaka kuachia, mtu yule alikivuta kidogo. Alitaka kumshukuru.

Nimemjibu kikunga. Damu ikipungua miguu inakufa ganzi, mtu anahisi vitu. Daktari alikuwa kiunoni, mimi kwenye dripu, msafishaji mlangoni na ndoo yake. Miguuni hakukuwa na mtu, mahali pale palikuwa na damu na hakuna aliyesimama. Hakubishana. Alisema tu, "Alikuwepo."

Nakuandikia kwa sababu amenituma nikuulize kama kuna muuguzi wa shirika lenu aliyekuja siku hiyo. Nimemwambia hakuna.

Wageni wako wanakuja mwezi ujao. Vibao vyote vimeng'arishwa.

Dada yako.

*

Tarehe 24 Septemba

Dada,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kituo cha basi, mbele ya dereva, na dereva amenishika bega.

Ukiwa chuo cha uuguzi mimi nilikuwa mgonjwa mgonjwa. Homa zilikuwa hazinitoki. Tulilala kitanda kimoja, mimi na yeye, yeye upande wa miguuni kwa kuwa alikuwa mdogo. Kila nilipoungua na homa alinishika kidole cha mguu wa kushoto, kile kidogo, kwa vidole viwili, chini ya shuka. Nikikoroma vibaya au nikinyamaza sana anakivuta. Nilimuuliza kwa nini anafanya hivyo. Akasema, "Ukitaka kuondoka nitajua, nikurudishe." Alikuwa na miaka sita. Hatukumwambia mtu, aliogopa mtamcheka. Aliendelea mpaka alipoolewa, kila nilipougua. Duniani tulikuwa tunalijua sisi wawili.

Ulitaka nikuandikie alikuwa nani, na mara zote nilizokaa na kalamu, hilo ndilo lililokuja, na nililiacha kwa sababu lina upande wa pili. Wewe ulikuwa kichwani kwake siku ile. Miguuni hakukuwa na mtu. Si kufa kwake kulikonitafuna miaka yote hii, dada. Ni kwamba alinirudisha mara zote zile, na alipoondoka yeye hakuna aliyekuwa amemshika.

Kitanda nililipia mimi. Nilitaka awe na mahali pa kukaa.

Mkurugenzi nimemwambia kwa simu wageni waje bila mimi, kamati inatosha kuwapokea, na Mama Mizani hahitaji mkalimani. Nakuja na basi hili hili la Jumamosi, dereva atakufikishia barua hii kabla yangu. Usije stendi kunipokea, nitapita kaburini kwanza na sijui nitakaa kiasi gani.

Barua hii usimsomee Kasuku. Mwambie tu nimejibu kwamba hakuna muuguzi aliyetumwa. Mengine nitamwambia mwenyewe, nikishakaa miguuni pake.

Mdogo wako.